Maisha yasiyoharibu mazingira hapa Zanzibar: mtu aanzie wapi? Mie nasema jikoni

Mkwezi wa Bumbwini (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nimechoka kuona habari hii ya kutunza mazingira ikiletwa kama orodha ya manunuzi. Ukifungua simu unaoneshwa mswaki wa mwanzi, mrija wa mwanzi, chupa ya chuma ya bei ya mbuzi. Wenye mahoteli ya Nungwi na Paje wanunue, wateja wao wanapenda. Lakini mtu wa Fuoni au Wete hana mrija nyumbani kwake wa kubadilisha. Kwetu sie miti inaliwa na chungu cha kupikia.

Chukua polo (gunia) moja la makaa. Tanuri la udongo tulilolizoea linapoteza sehemu kubwa ya mti: kilo moja ya makaa inakula kilo 6 za kuni na zaidi. Makaa mengine yanakuja na majahazi kutoka bara, mengine yanachomwa hapa hapa kwenye misitu ya maweni, ile ardhi ya mawe ya matumbawe, na mengine, tusidanganyane, yalikuwa mikandaa (mikoko). Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba, na visiwa havitanuki. Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi namjibu: punguza dakika za moto. Kabla ya sola, kabla ya kutenganisha taka, kabla ya yote.

Na njia rahisi kuliko zote ya kupunguza dakika za moto haina hata kiwanda. Ni kikapu cha kupikia: sufuria iliyokwisha chemka inamalizia kuivisha humo kwa joto lake, bila ya moto. Wengi mmekisikia, wachache mnakitumia, ngoja nikieleze vizuri.

Tafuta kikapu kipana cha ukili (majani ya mkindu yaliyosukwa), kile cha sokoni chenye kina, sufuria iingie na ibaki nafasi ya kiganja pande zote. Shona mfuko kwa kanga kuukuu, ujaze sufi (pamba ya msufi), uupange ndani ya kikapu mpaka kibaki kishimo cha sufuria tu. Shona na mto wa duara wa kufunika juu. Basi.

Choroko unaziroweka usiku. Asubuhi unazitia motoni zichemke dakika 15 hivi, mfuniko umebana, halafu unaipua sufuria ikiwa inatokota na kuizika kapuni papo hapo. Usifunue kuchungulia, kila ukichungulia umetoa joto. Baada ya saa mbili tatu zimeiva, na maji hayajapungua. Wali wa nazi ni rahisi zaidi: ukishaanza kukaukia, badala ya kupalia makaa juu ya mfuniko, tia kapuni. Haushiki ukoko, wanaopenda ukoko wanisamehe.

Tahadhari mbili. Maharage, hasa mekundu, lazima kwanza yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, kwa sababu yakiwa hayajaiva yana sumu inayochafua tumbo, na joto la kapuni peke yake haliiui. Na kitu cha nyama ukikitoa kapuni kirudishe motoni kichemke kabla ya kula, usikilaze humo mpaka kesho. Halafu sufuria iwe imejaa, sufuria nusu inapoa haraka.

Mengine tutajadili: maji, taka, friji, samaki. Karibuni, ila asije mtu na mrija wa mwanzi.

---

Bint Makunduchi

Waalaykum salaam. Uzi mzuri, na kikapu nakikubali, mama yangu mkubwa anacho. Lakini kaka Mkwezi nikuulize swali moja bila ya ubaya. Katika hayo yote uliyoandika, nani anashona mfuko? Nani anaroweka choroko usiku? Nani anaamka kuzichemsha kabla ya kwenda kazini?

Nasema hivi kwa sababu kila semina ya mazingira niliyohudhuria, tangu niko skuli, mwisho wake ni mwanamke aongeze kazi. Jiko banifu, mwanamke akalifinyange. Taka, mwanamke azichague. Nepi za kitambaa, mwanamke afue. Mwanamme yeye anahudhuria semina, anapewa posho na fulana.

Na hawa wanaosema turudi alivyoishi bibi nao wanipumzishe. Bibi alipikia makumbi na vifuu kwa sababu ndivyo alivyokuwa navyo. Jiko lake lilikuwa jeusi dari nzima, na kikohozi chake tulikisikia tukiwa nje. Sikatai kuwa hakukata mti. Lakini moshi ule ulimwingia yeye, haukumwingia babu aliyekuwa barazani na kahawa yake.

Kwa hiyo mie pendekezo langu la kuanzia: kila jambo utakaloliingiza nyumbani, kwanza sema nani ataifanya hiyo kazi. Kama jibu ni mtu yule yule kila mara, halitadumu mwezi, na msije mkasema wanawake hawajali mazingira.

---

Fundi Mafriji

Bint Makunduchi umempiga palipo. 😀

Mie nachangia upande wa umeme, ndiyo kazi yangu. Wazanzibari tunapenda friji la mtumba, likija kwenye kontena kutoka Ulaya au Dubai tunaona tumelipata bure. Mengi ya haya ni mazuri, lakini yana ugonjwa mmoja wa mpira wa mlango. Mpira ukichoka, baridi inavuja, mota haipumziki usiku kucha, na wewe unalaumu uniti.

Jipime mwenyewe. Chukua karatasi ya daftari, iweke mlangoni nusu ndani nusu nje, funga, ivute. Ikikaza, mpira mzima. Ikitoka bila ya kukataa, mpira umekufa hapo. Zunguka mlango mzima, maana mara nyingi unakufa pembe ya chini, upande wa bawaba. Kabla hujanunua mpya, uoshe kwa maji ya moto na sabuni, mikunjo yake inajaa mafuta na makombo na mpira hauwezi kushika. Mpira ukiwa umebonyea tu, maji ya moto huurudisha. Hiyo ni kazi ya mwanamme, dada, ishapata mwenyewe.

Pili, friji livute mbali na ukuta, kule nyuma linatoa joto na linataka kupumua. Nyumba zetu za Mjini vyumba vidogo, mtu analibana ukutani na juu yake kaweka redio na mkeka. Tatu, barafu ikianza kuota ukutani kwenye frizi, iyeyushe. Usiichokoe kwa kisu, nimeziba matundu ya visu mpaka nimechoka.

Taa sizungumzi, karibu kila mtu ameshahamia LED. Kama bado unayo ile ya duara ya wati 60, ya wati 9 inatoa mwanga ule ule.

---

Nahodha Mstaafu

Vijana, msisahau umeme wetu unapita chini ya bahari. Unguja tunaupata kwa waya kutoka bara, Pemba nao toka 2010 wana waya wao kutoka Tanga. Waliokuwepo 2008 wanakumbuka mwezi mzima wa kiza Unguja, na tena kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu. Waya mkubwa wa pili ulikuja 2013 na hali ikawa nafuu, alhamdulillah. Lakini mtu mzima hatupi seredani yake, jiko lake la makaa. Pikia umeme, pikia gesi, seredani iweke uvunguni na polo moja la akiba.

---

Mgeni wa Mbagala

Wakuu salaam, mimi ni wa bara ila nimeoa Pemba kwa hiyo nina haki ya kuongea kidogo.

Kwanza heshima kwenu, mifuko ya plastiki mliipiga marufuku 2006, sisi huku tumeanza tarehe 1 Juni 2019. Ingawa, nikija soko la Darajani nikiomba ndimu bado naona vile vimifuko laini visivyo na mkono. 👀

Pili, nashangaa hakuna aliyetaja jiko la presha la umeme. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Watu wote wakasikia "gesi". Lakini sufuria la presha la umeme maharage yanaiva chini ya uniti moja. Piga hesabu ya uniti moja, piga ya makaa ya maharage yale yale, utaona mwenyewe. Gesi inataka hela ya mtungi mzima kwa mkupuo, umeme unanunua kidogo kidogo kama mnavyonunua makaa ya fungu.

---

Mkwezi wa Bumbwini

@Bint Makunduchi nimekubali, na sijibu kwa maneno matupu: kuroweka na kuchemsha asubuhi ni kazi yangu nyumbani, mwenzangu anatoka saa kumi na mbili kuwahi daladala. Ila hoja yako ni kubwa kuliko nyumba yangu, na mie naichukua iwe sharti la uzi huu. Anayependekeza jambo aseme na mfanyaji.

@Mgeni wa Mbagala presha ya umeme naiunga mkono kwa mwenye uwezo. Kikapu nilikitanguliza kwa sababu mtu anaweza kuanza leo hii hata akiwa na seredani tu. Na ukiwa na gesi kinafanya kazi vile vile, mtungi unakwenda mbali.

---

Mama Ukili wa Chake

Haya, watu wa Pemba tumefika. Tunachelewa lakini tunafika.

Mie nauza vikapu. Nikwambieni jambo linaloniuma, kijana anakuja kununua mkoba wa ukili kwa ajili ya picha. Anaupiga picha, anauning'iniza ukutani, sokoni anakwenda mikono mitupu na kurudi na vifuko vitano. Kikapu ni cha kubebea, jamani! Kikishika harufu ya samaki unakisuuza maji ya chumvi, unakianika kivulini. Jua kali linakivunja. Kikikatika mkono unaniletea nakitia mwengine, sikuuzii kipya.

Na vile vitu ambavyo tumeviacha bila ya sababu. Kawa. Siku hizi chakula kinafunikwa na plastiki ile ya kunata, wakati kawa linafunika sinia zima, linapitisha hewa, wali hautoi jasho. Kifumbu cha kuchujia tui, mnanunua chujio la plastiki linalotoboka. Upawa wa kifuu haukwaruzi sufuria. Pakacha ndo usiseme, mkuti wa mnazi unasukwa papo hapo, unabebea mihogo, ukichoka unautupa migombani unaoza wenyewe.

Bint Makunduchi, ulilosema la bibi ni kweli, mie mwenyewe makumbi siyapikii ndani. Lakini usukaji huu ndio unaotulisha wanawake wengi huku. Ukinunua kikapu hujamwongezea mwanamke kazi ya bure, umemlipa.

---

Dago la Pweza

Ya samaki nayo ni maisha ya kila siku, sisi kitoweo chetu ndicho hicho.

Pweza anaishi mwaka mmoja na kidogo tu, na anakua kwa kasi ya ajabu. Ndiyo maana vijiji kama Kisiwa Panza na Kizimkazi vimewahi kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa, wakifungua pweza ni wakubwa na watu wanapata. Sasa wewe mnunuzi wa mjini, ukishangilia vipweza vya kiganja kwa sababu rahisi, umeshawaangusha waliovumilia. Usinunue. Hivyo hivyo na vichangu vya urefu wa kidole na samaki wa nyavu za kukokota. Utawajua, wamechanganyika kila aina na kila umri, wamechubuka na wana mchanga.

Kula dagaa, kula vibua msimu wao ukifika. Bei inashuka, na hao wanazaliana haraka.

Kazi hii ya nani? Ya anayekwenda sokoni. Kwetu Pemba mara nyingi ni mwanamme.

---

Mwalimu wa Chuoni

Niongeze la maji kwa ufupi. Watoto tunawasomesha kuwa Mtume (SAW) akitia udhu kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Kisha tunatoka darasani tunafungua bomba la msikitini mpaka mwisho, mtu anasukutua huku anazungumza na mwenzake, maji yanakwenda. Israfu ni israfu hata katika ibada.

Pale kwetu tumepunguza koki ya chini ya kila bomba, maji yanatoka membamba. Wazee walinuna wiki ya kwanza. Na bomba linalodondoka tone moja kila sekunde linapoteza zaidi ya lita 20 kwa siku, na washa yake ya mpira ni kitu cha bei ndogo mno. Watu wa misikiti mingine jaribuni, hasa kiangazi visima vinapoanza kutoa maji ya chumvichumvi. Kisima cha pwani ukikivuta kupita kiasi bahari inaingia chini kwa chini, na hilo halirudi kwa siku moja.

---

Kijana wa Jang'ombe

Mbona hamjagusa PAMPASI. Masika mitaro ikiziba hapa mtaani, ukifukua ni pampasi na chupa za maji. Pampasi imejaa ule ute, nzito kama jiwe, haiozi, ukichoma moshi wake hauvumiliki. Watu wanaitupa usiku kwa sababu gari la taka linakuja kwa kuotea.

Mimi na wife tumekubaliana, nepi za kitambaa mchana akiwa nyumbani, pampasi usiku na safarini tu. Anayefua ni mimi (Bint Makunduchi usinikamate). Siri ni ndoo yenye mfuniko, suuza uchafu wote chooni kwanza, roweka, fua na sabuni ya kipande, anika juani. Jua la kwetu linaua harufu kuliko dawa yoyote ya dukani.

---

Bint Makunduchi

@Kijana wa Jang'ombe nakuachia, umepita mtihani. Mwambie mkeo nampa hongera.

@Mama Ukili umenijibu vizuri, hapo kwenye kulipa nimekubaliana nawe. Ila ndo iwe hivyo kweli: wateja wa mjini wanapunguza bei ya kikapu kama wanagombea uwanja, kisha wanakwenda kununua begi la kitambaa lililoandikwa Kiingereza kwa bei mara tatu.

Na nyie wa taka, maganda ya ndizi na muhogo kwa nini yanakwenda jaani? Sehemu kubwa ya pipa la nyumbani ni maganda. Jirani mwenye mbuzi hakosekani hata Ng'ambo. Asiye na jirani wa mbuzi, achanganye maganda na majani makavu kwenye kiroba, atie udongo kidogo, akinyunyizie maji kisikauke, asitie mifupa wala vichwa vya samaki, panya na paka watamhamia. Huku kwetu maweni udongo ni wa kuutafuta kwa tochi, kiroba kimoja cha mboji ni mchicha wa kula nyumba nzima. Mfanyaji: watoto. Wanapenda kuchimba, waacheni wachafuke.

---

Mgeni wa Mbagala

Swali la haraka. Maji ya kunywa mnachemsha au mnanunua? Maana chupa ndo nusu ya taka za Kijana wa Jang'ombe.

---

Mwalimu wa Chuoni

Kuchemsha kunakula moto, kununua kunaleta chupa. Kuna njia ya tatu watu hawaiamini: chupa ile ile ya plastiki angavu, isiyo na rangi wala mikwaruzo, ijaze maji yasiyo na tope, ilaze kwenye bati juani kwa muda wa saa 6. Siku ya mawingu iache siku mbili mfululizo. Jua linaua vijidudu. Haiondoi chumvi wala dawa za shambani, kwa hiyo maji ya kisima cha chumvi yatabaki ya chumvi. Chupa isizidi lita mbili, kubwa zaidi mwanga haufiki katikati.

---

Fundi Mafriji

Mkwezi, wife kasoma uzi wote na sasa anakitaka kikapu. Sufi naipata wapi, na nikikosa?

---

Mama Ukili wa Chake

Wauliza washona mito na magodoro ya sufi, hawakosi mabaki. Ukipewa tumba nzima za msufi, kaa uzichambue utoe mbegu zote, mbegu zikibaki ndani panya watatoboa mfuko. Ukikosa sufi kabisa, jaza vitambaa vikuukuu vilivyokatwakatwa, visishindiliwe sana maana joto linakaa kwenye hewa iliyomo katikati. Sponji la godoro bovu nalo linafaa, ila lichambue vipande vidogo.

Na mfuko usiushone ukafunga moja kwa moja. Upande mmoja tia vifungo, ili siku mchuzi ukimwagika uvue ganda, ulifue, sufi uianike. Kikapu kama unataka cha kina nitumie kipimo cha sufuria, upana na urefu na mfuniko wake, mwengine alinipimia bila ya masikio ya sufuria na kikapu hakikuingia.